Ripoti ya oili imerudi na namba ziko juu? Soma hapa kabla hujashusha injini

Siku moja jamaa mmoja wa Nyali kaniletea karatasi ya maabara iliyopima oili ya injini yake, kaikunja mara nne kama cheti cha kuzaliwa, Evo (Mitsubishi ya turbo) aliyoinunua kwa mtu haina hata miezi mitano mkononi mwake, na kidole kiko kwenye mstari mmoja tu, shaba 46, yaani sehemu 46 za shaba katika kila sehemu milioni za oili (ppm), na metali zote kwenye ripoti zinahesabiwa hivo. "Kaka, fundi kasema hizo ni beringi, tushushe injini." Nikamuuliza, risasi je? Bati je? Hakuwa ameangalia. Risasi ilikuwa 2, bati sufuri. Injini ile haikushushwa na mpaka leo inatembea, sababu ntaieleza huko mbele.

Hii ripoti watu wanaisoma vibaya, wanatafuta namba kubwa kuliko zote halafu wanaogopa hio. Namba moja haina maana mpaka umeona zinazopanda pamoja nayo, na mpaka umeona ya servisi iliyopita ilikuwa ngapi. Chuma 30 kwa gari ambayo siku zote huwa na 28 ni habari ya kawaida, chuma 30 kwa gari ambayo huwa na 12 hapo kuna jambo.

Kwanza sampuli yenyewe ilitolewaje

Usicheke manake mimi mwenyewe imenipata. Mara ya kwanza nilikinga oili kwenye chupa ya soda niliyoisuza kwa maji ya bomba, nikaianika nikadhani imekauka, ripoti ikaja na maji asilimia 0.2, nikalala macho wazi usiku mzima nikifikiria gasketi ya hedi. Kawaida maji hayafai kupita asilimia 0.1. Kumbe ni chupa.

Toa oili injini ikiwa moto, yaani umetoka barabarani sasa hivi, fungua boliti ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), acha ile ya mwanzo imwagike kwanza manake ndo inabeba uchafu uliolala chini, halafu kinga ya katikati kwenye chupa kavu ya maabara. Ya mwisho mwisho achana nayo. Kwenye lebo andika kilomita za gari, kilomita ambazo oili hio imetembea, aina ya oili, na hili watu wanaliruka, umeongeza lita ngapi hapo kati. Gari inayokula oili ukaiongezea lita mbili kabla ya servisi ripoti yake itakuja nzuri ya uongo, metali zote zimezimuliwa na oili mpya.

Kitu kingine, maabara nyingi hapa Mombasa zimezoea oili za meli, za malori na za majenereta makubwa. Ripoti yangu ya kwanza ilikuja na mipaka ya dizeli, chuma mpaka 100 wanakuandikia sawa. Kwa lori la kontena ni sawa, kwa injini ya petroli ya lita mbili yenye turbo iliyotembea kilomita 5,000 hio si sawa hata kidogo. Kwa hivo zile rangi za kijani na njano usizitegemee sana, tegemea namba.

Na kama unaweza, peleka na sampuli ya oili mpya kutoka mtungi ule ule. Gharama inakuwa mara mbili najua, lakini unailipa mara moja tu, halafu utajua oili yako ilianza na nini. Bila hio utakuwa unabahatisha tu ukifika kwa boroni, molibdenamu, sodiamu, manake oili nyingine hizo zimetiwa kiwandani kabisa.

Silikoni imepanda

Hapa ntakaa kidogo manake hapa ndo nilipoumia mwenyewe.

Silikoni ya kwenye ripoti ni elementi, ile ya kwenye mchanga, na ina milango mitatu ya kuingilia. Vumbi, silikoni ya tyubu ya kubandikia gasketi, na dawa ya kuzuia povu iliyo ndani ya oili yenyewe, hio ya mwisho huwa kidogo tu, ppm chache. Kujua umepatwa na ipi, angalia aluminiamu, chuma na kromiamu. Vumbi likiingia kupitia njia ya hewa linapita kwenye silinda, linasaga ringi na kuta, kwa hivo silikoni itapanda na chuma, na kromiamu kama ringi zako ni za kromiamu, na aluminiamu pia, kwanza kwa sababu pistoni inalika, pili kwa sababu udongo wenyewe una aluminiamu ndani. Ukiona silikoni imepanda peke yake na wengine wamelala, uliza kama kuna mtu kafungua sampu au kifuniko cha valvu karibuni akabandika na silikoni ya tyubu. Ile inaachia kwenye oili na haisagi kitu, servisi mbili tatu inashuka yenyewe.

Sasa yangu. Subaru, turbo, ripoti ya kwanza silikoni 9, aluminiamu 4, chuma 14, kromiamu 1. Nikaenda gereji moja nikatiwa ea klina ya wazi, ile ya koni, sauti tamu sana, nikatwanga nayo mpaka Voi na kurudi mara mbili tatu, na huko ndani ndani kwa njia za udongo kumtembelea shemeji. Ripoti ya pili, kilomita 4,800, silikoni 41, aluminiamu 13, chuma 38, kromiamu 4. Gari haikuwa na shida yoyote ya kusikia kwa sikio! Haitoi moshi, haigongi, nguvu iko. Nikasimama nayo juani nyuma ya nyumba, nikafungua boneti, nikapitisha mkono kwenye ule mpira unaotoka ea klina kwenda turbo, klampu ikazunguka kwa vidole viwili. Haikukazwa. Nikauvua mpira, nikapangusa ndani na kitambaa cheupe na kitambaa kikarudi na rangi ya matofali, unga laini kama poda. Udongo wa Tsavo ulikuwa umeshalala mlangoni mwa turbo.

Nilimrudia fundi na kitambaa, akakitazama akasema, "Bosi, hio ni vumbi ya kawaida." Sikubishana naye. Nikatoa ile koni, nikarudisha boksi la mwanzo na filta ya karatasi, klampu nikazikaza mwenyewe.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo miongozo ya watu wa nje haina. Vumbi la kisiwani na la huku Bamburi mpaka Kilifi sehemu kubwa ni la mawe ya matumbawe, na matumbawe ni kalsiamu kabonati, si mchanga. Sasa oili yenyewe ina kalsiamu nyingi tayari, mara nyingi zaidi ya 1,000 ppm kama dawa ya kusafishia injini, kwa hivo vumbi hilo likiingia halionekani, limejificha ndani ya kundi. Afadhali yake ni laini, halisagi kama mchanga. Ule udongo mwekundu ukishapita Mariakani ndo wenye silika, mgumu, na ndo utauona kwenye silikoni. Kwa hivo mtu wa hapa mwenye silikoni 12 na chuma inapanda kila servisi asijipe moyo kwamba filta iko sawa, avue mpira apanguse na kitambaa cheupe, ni kazi ya dakika kumi.

Oili imekuwa nyepesi

Uzito wa oili, yaani inavyotiririka kwa wepesi au kwa shida, unapimwa ikiwa na joto la digrii 100, na kila daraja lina mipaka yake. Ya 30 ni kuanzia 9.3 mpaka 12.5, ya 40 ni 12.5 mpaka 16.3, ya 50 ni 16.3 mpaka 21.9. Ulitia 5W-40 na ripoti inasema 11.4, basi sasa hivi unatembea na oili ya 30 ndani ya injini iliyoombwa 40, na injini ya turbo hapa kwetu jua la saa saba foleni ya Nyali Bridge haitakushukuru.

Sababu ziko mbili kubwa. Ya kwanza petroli imeingia kwenye oili. Utajua kwa mstari wa petroli na kwa joto la kushika moto, oili mpya kwa kawaida inashika moto ikivuka digrii 200, ukiona imeshuka sana chini ya hapo na petroli imepita asilimia 2, jibu unalo. Ikifika 5 usiendeshe, badilisha oili leo. Ya pili, petroli iko chini, joto la kushika moto halijashuka, lakini uzito umeshuka tu, hio ni oili yenyewe imekatika, zile dawa zinazoifanya iwe 5 na 40 kwa pamoja zimesagwa na injini, au tangu mwanzo haikuwa 40 kama mtungi ulivosema. Ndo maana nikasema peleka na sampuli mpya.

Kama ni petroli, usikimbilie kubadilisha injekta. Jiulize gari inatembeaje. Kutoka Tudor kwenda mjini na kurudi, dakika kumi na tano, injini haijapata joto sawasawa ushazima, petroli iliyoteremka kwenye kuta za silinda haipati nafasi ya kupaa. Jaribu hivi, badilisha oili, tembea nayo safari ndefu mara moja kwa wiki hata mpaka Malindi tu, halafu toa sampuli nyingine. Ikishuka ni mwendo wako. Isiposhuka sasa anza kutafuta, plagi na koili inayomisi, injekta inayovuja ukizima gari, na zaidi ya yote ile tyuni uliyotiwa (kompyuta ya injini kupangwa upya), watu wengi wa tyuni wanamwaga petroli nyingi ili injini isigonge na wanakwambia hio ni usalama. Injini za kisasa zinazorusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda zinaathirika zaidi, hata zikiwa nzima zinaonyesha petroli kidogo.

Na ujanja mmoja wa kujidanganya, ukitoa sampuli baada tu ya kushuka kutoka Nairobi, petroli nyingi itakuwa imepaa njiani na ripoti inaweza kuja safi. Toa baada ya wiki yako ya kawaida.

Oili nzito kupita kiasi ni nadra kwa gari hizi, mara nyingi ni mtu aliongezea 20W-50 pale petroli steshen. Kama hukuongeza na mstari wa oksidesheni nao umepanda, oili imeungua, ama umeiacha sana ama turbo inaipika kwa vile unazima ghafla baada ya kukimbiza.

Sodiamu na potasiamu

Hapa utasikia kila mtu anasema "ni chumvi ya bahari hio". Si kweli kirahisi hivo, upepo wa bahari unakula bodi na silensa lakini sio unaotia sodiamu 80 kwenye oili.

Sodiamu ikipanda na potasiamu ikipanda, na oili mpya haikuwa nazo, fikiria kulanti, yale maji ya dawa ya radieta. Maji yanaweza kuwa sufuri kwenye ripoti na bado ni kulanti, kwa sababu injini ikiwa moto maji yanapaa na kuacha chumvi zake nyuma. Kwa hivo usiseme "maji hakuna, niko sawa". Angalia kama radieta inapungua bila kuvuja nje, kama mpira wa juu unakuwa mgumu asubuhi gari ikiwa baridi bado, na mpelekee fundi mwenye kifaa cha kupima presha ya radieta aiache nayo usiku.

Sodiamu imepanda lakini potasiamu imelala? Hapo niambie kwanza unatia nini kwenye radieta. Wengi hapa wanatia maji tu, na maji yenyewe ya kisima, na visima vya kisiwani vingi ni vya chumvi, hata chai inakataa. Maji hayo yakipenya kwenye oili yanaacha sodiamu bila potasiamu, na ripoti haitaandika "kulanti" kwa sababu kulanti hukutia. Mtu anaweza kuwa na gasketi inayovuja miezi na maabara inamwandikia sawa. Zaidi ya hapo hayo maji yanakula aluminiamu ya hedi kutoka ndani. Tafadhalini wanangu, gari ya mamilioni unaitilia maji ya kisima?

Shaba, risasi na bati

Tumrudie jamaa wa Evo. Beringi za konrodi na za krenki zina matabaka, juu kabisa tabaka laini la risasi au bati, chini yake shaba au aluminiamu, chini kabisa chuma. Zikianza kulika, tabaka la juu ndo linalotangulia. Kwa hivo beringi zikiwa na shida utaona risasi au bati inapanda kwanza, halafu shaba inafuata, na shaba ikifuata hapo muda umebaki mdogo. Shaba 46 yenye risasi 2 na bati sufuri haina mtiririko huo. Nikamuuliza kama kabadilisha kitu, akasema alitia kulea (cooler) mpya ya kupoza oili na akabadilisha kampuni ya oili wakati mmoja. Kulea yenye shaba ndani ikiwa mpya inaachia shaba kwenye oili kikemia, hakuna kitu kinachosagika, mpaka ndani iote utando wake. Servisi iliyofuata ilikuja 29, ya baada yake 15. Fundi angeshusha injini angekuta beringi nzuri, na pesa ishakwenda.

Injini iliyotoka kwenye ovahoo, yaani imefunguliwa na kutengenezwa upya, nayo ni hivo hivo, servisi ya kwanza kila kitu kinakuwa juu, shaba, chuma, silikoni ya gasketi, molibdenamu ya ile grisi ya kufungia. Usiogope ya kwanza, ogopa kama ya tatu haijashuka.

Risasi yenyewe, wazee wanasema inatoka kwenye petroli. Ilikuwa kweli zamani, lakini Kenya iliacha petroli ya risasi 2006 na nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha 2021. Siku hizi risasi kwenye oili yako haitoki steshen, isipokuwa umechanganya petroli ya ndege, na hapo haitakuwa 8, itakuwa mamia na maelfu. Zile dawa za kuongeza oktani mara nyingi huleta manganizi. Na magari mapya mengi beringi zake hazina risasi kabisa, kwa hivo risasi sufuri kwa gari mpya haikuhakikishii kitu, angalia bati na aluminiamu.

Sasa lililo muhimu hapa, mashine ya maabara haioni vipande vikubwa. Inaona chembe ndogo tu, kama za maikroni tano hivi mpaka kumi, zaidi ya hapo zinapita bila kuhesabiwa. Beringi inayomeguka vipande ripoti yake inaweza kuja safi. Kwa hivo kila servisi fungua filta ya oili. Usikate kwa msumeno, msumeno unamwaga chuma chake humo humo ukajitia hofu bure, tumia kikata filta kile cha gurudumu. Toa ile karatasi, ikunjue juu ya gazeti, iache ichuje, halafu itazame juani ukiigeuza geuza. Vumbi la fedha la hapa na pale ni kawaida. Ukiona vijimajani vinavyometa, chukua sumaku uitie ndani ya mfuko wa nailoni upitishe juu yake, vinavyoruka kushika ni chuma, vinavyobaki vikimeta ni beringi au pistoni. Ukipata vya namna hio funga mkono, usiwashe tena, hapo hata mimi nasema shusha.

Chuma peke yake

Chuma 60, wengine wote wamelala. Kabla ya yote uliza gari ililala muda gani. Kuna gari za vijana walio Ghuba, zinakaa miezi minane chini ya turubali Bamburi, na huu unyevu wetu wa hewa unaingia mpaka ndani ya injini, kuta za silinda na kemshafti zinashika kutu. Ukiwasha inasombwa na oili. Mwaga oili, tia mpya, tembea kilomita 1,500 tu utoe sampuli tena. Ikiwa bado juu bila kutu kuwa sababu, fikiria kemshafti, cheni, au pampu ya oili.

Zinki na fosforasi ziko chini

Hizi ni dawa za kulinda chuma kisisagane, zimetiwa kiwandani, hazipungui nusu kwa servisi moja. Ukiziona ziko chini sana kuliko oili ile ile ilivyotakiwa kuwa, na kalsiamu nayo ni kidogo, mtungi wako ni feki. Rudi dukani na risiti. TBN, ile akiba ya kupambana na asidi, ikishuka chini ya nusu ya mwanzo anza kufikiria kubadilisha, ikifika 1 au 2 ushachelewa.

Yangu sasa hivi, baada ya kurudisha boksi la ea klina, nilibadilisha oili mara mbili kwa kilomita 1,500 kila moja kusafisha, halafu nikatoa sampuli, silikoni 13, chuma 17, kromiamu 1. Shaba ndo imebaki 11, zamani ilikuwa 5. Risasi 2, bati sufuri, filta nimeikunjua haina kitu. Sijagusa injini. Nitatoa nyingine nikifika kilomita 4,000 za oili hii, leo niko 2,600.